SOMO LA MWEZI: TUSIWAFICHE WAZEE WETU WANAOSAHAU

Masomo ya kusoma kwanza nyumbani: Sira 3:12-16, Isaya 46:3-4, Isaya 49:14-16, Yohana 21:18.



Mwezi huu twaomba ruhusa ya kuanza somo letu kwa kuungama. Tulifundisha darasani, na baadaye katika chuo cha ualimu, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mwaka tuliwaambia wanachuo wetu kwamba mwalimu asimkaripie mtoto asiyeelewa, bali atafute kwanza sababu. Labda mtoto hasikii vizuri, labda haoni ubaoni, labda hakula tangu jana. Hayo tuliyafundisha kwa moyo wote. Lakini mama yetu mzazi alipoanza kusahau, tulimkaripia.

Marehemu mama alikuwa na umri wa miaka kama 78. Kwa miaka mingi alifua na kupiga pasi nguo za altare, na Misa yote aliijua kwa moyo. Kwanza alianza kurudia swali lile lile mara tatu, mara nne. Kisha akawa anatia chumvi mara mbili katika mchuzi, au hatii kabisa. Baadaye akaficha fedha zake ndani ya kopo la mchele, na kuwashtaki wajukuu kwamba wamemwibia. Mwisho ikawa kila jioni ikiingia anajitanda kanga yake na kushika njia, akisema anakwenda kwao, na hali nyumba ile alikuwa ameishi miaka hamsini. Majirani walinong'ona. Mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema neno baya zaidi, kwamba uchawi wake mwenyewe unamrudia.

Sisi hatukuyaamini maneno hayo, lakini tuliona haya. Jumapili moja mama alisimama katikati ya mahubiri, akauliza kwa sauti kuu mume wake yuko wapi, naye baba alikuwa amefariki miaka ishirini nyuma. Watoto wakacheka. Tangu siku hiyo hatukumpeleka tena kanisani. Watu walipouliza habari zake, tulijibu, "Mama hajambo, ni uzee tu." Padre hatukumwambia lolote. Mama alikaa karibu miaka miwili bila kupokea Ushirika Mtakatifu, mpaka Bwana alipomwita. Hilo ndilo tunaloungama mbele yenu.

Baadaye binti yetu, ambaye anafanya kazi ya kuwahudumia wazee huko Marekani, alikuja likizo. Tukawa tunasimulia vituko vya bibi yake. Alisikiliza, kisha akasema, "Baba, bibi hakuwa mkaidi. Bibi alikuwa mgonjwa. Wazee kama yeye ndio ninaowaogesha na kuwalisha kila siku." Mama hakupimwa, kwa hiyo hatuwezi kutaja kwa hakika ugonjwa wake. Lakini maneno ya binti yetu yalitufanya tutafute kujua. Pia alitueleza jinsi makanisa ya Wamarekani Weusi yanavyopambana na jambo hili hili tulilolificha sisi. Habari za ndugu zetu hao ndizo tunazotaka kujifunza leo, kwa maana wao wametutangulia katika njia ambayo na sisi tunaipita.

UGONJWA WENYEWE

Kusahau kidogo uzeeni ni jambo la kawaida. Mzee akisahau alipoweka ufunguo, huo si ugonjwa. Lakini mzee akiushika ufunguo mkononi asijue ni wa kazi gani, hapo ipo sababu ya kumpeleka hospitali. Upotevu wa akili wa namna hii madaktari huuita demensia, nao una aina nyingi. Aina iliyo kubwa kuliko zote ni ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Basi tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu.

Jina hilo latokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea mama mmoja mwenye umri wa miaka 51, ambaye alikuwa amepoteza kumbukumbu hata akashindwa kuandika jina lake mwenyewe. Mama huyo alifariki mwaka 1906. Daktari aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona umesinyaa. Tena aliona madoa ya uchafu kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Mambo hayo mawili ndiyo alama za ugonjwa huu mpaka leo.

Sehemu ya ubongo inayoshambuliwa mapema ni ile inayopokea mambo mapya na kuyaweka akiba. Kwa sababu hiyo mgonjwa hakumbuki alichokula asubuhi, lakini aweza kusimulia harusi yake ya miaka sitini iliyopita. Watu humwona wakasema, "Huyu anajifanya tu, mbona ya zamani anayakumbuka?" Hajifanyi. Daftari la zamani bado lipo, bali kalamu ya kuandikia mapya imekauka.

MWANA WA AFRIKA ALIYEUCHUNGUZA

Wachache wanajua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kuuchunguza ugonjwa huu alikuwa Mwafrika. Jina lake Solomon Carter Fuller, aliyezaliwa Monrovia, nchini Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa huko Virginia, akajinunua uhuru wake, akavuka bahari kurudi Afrika. Mwaka 1889 kijana Solomon alivuka bahari ile ile kwenda Marekani kutafuta elimu. Alisoma katika chuo cha Kikristo cha Weusi kilichoitwa Livingstone, kwa heshima ya yule Daktari Livingstone tunayemjua sisi sote. Kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston, akahitimu mwaka 1897.

Mwaka 1904 alikwenda Ujerumani, katika mji wa Munich, akafanya kazi chini ya Alzheimer mwenyewe. Aliporudi aliendelea kuchunguza ubongo za wagonjwa waliofariki. Mwaka 1912 akatoa maandishi yaliyokusanya habari za wagonjwa wote wa namna hiyo waliokwisha kujulikana, yakawa ya kwanza ya aina yake kwa Kiingereza. Pamoja na kazi hiyo yote, katika chuo kikuu alilipwa pungufu kuliko wenzake Wazungu. Mzungu aliyekuwa chini yake alipopandishwa cheo akawekwa juu yake, Fuller alistaafu, mwaka 1933. Alifariki mwaka 1953, akiwa amepofuka macho kwa ugonjwa wa kisukari.

Twaeleza habari zake ili vijana wetu wajue kwamba elimu hii si mali ya wageni.

KWA NINI WAMAREKANI WEUSI HUUGUA ZAIDI?

Leo katika Marekani wako wazee wapatao milioni 7 wenye ugonjwa wa Alzheimer. Wamarekani Weusi hupatwa na demensia karibu mara mbili kuliko Wazungu. Wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini hupatwa kadiri ya mara moja na nusu. Tena Mweusi mara nyingi huchelewa kutambuliwa, mpaka ugonjwa umekwenda mbali. Kwa sababu gani?

Labda msomaji atasema, ni damu yao. Utafiti mmoja wajibu hoja hiyo. Mwaka 1992 madaktari walianza kuwalinganisha wazee Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na wazee Weusi wa Indianapolis, Marekani. Mwaka 2001 walitangaza kwamba kati ya wazee 1000 wa Ibadan, waliopatwa na ugonjwa wa Alzheimer katika mwaka mmoja walikuwa kama 12. Huko Indianapolis walikuwa kama 25. Wote wawili asili yao ni Afrika ya Magharibi, lakini maisha yao ni mbalimbali. Basi tusiseme kwamba rangi ya ngozi ndiyo iletayo ugonjwa. Tutazame jinsi watu wanavyoishi.

Sababu ya kwanza ni maradhi ya mwili. Shinikizo la damu, kisukari na kiharusi, ambavyo vimewaenea sana Wamarekani Weusi, huharibu mishipa midogo ya damu iliyo katika ubongo.

Sababu ya pili yatuhusu sisi walimu. Ubongo uliozoezwa kwa masomo tangu utotoni hustahimili zaidi uzeeni. Lakini wazee Weusi wa leo wengi walisoma zamani za ubaguzi. Mahakama Kuu ya Marekani ilitangaza mwaka 1954 tu kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, na katika sehemu nyingi amri hiyo ilicheleweshwa miaka mingi. Mtoto aliyeanza shule mwaka 1950 sasa amepita miaka 80. Alipewa vitabu vilivyochakaa na darasa lililojaa pomoni, na deni hilo analipa yeye uzeeni.

Sababu ya tatu ni mitihani yenyewe. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliokaa shuleni muda mrefu. Mzee asiyesoma akishindwa, je, ni ugonjwa au ni shule? Wale watafiti wa Ibadan na Indianapolis waliliona jambo hili, wakatunga maswali ambayo sehemu yake huulizwa ndugu wa mgonjwa: Je, amebadilika? Je, bado aweza kufanya kazi alizozizoea? Hiyo ni busara kubwa. Aliye nyumbani ndiye anayejua.

Sababu ya nne ni kukosa imani na madaktari. Tangu mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, maofisa wa afya wa serikali waliwachunguza wanaume Weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya dawa ya penisilini kupatikana. Watu hao walidanganywa kwamba wanatibiwa. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997, lakini jeraha kama hilo haliponi kwa hotuba. Hata leo, dawa mpya za ugonjwa wa Alzheimer zinapojaribiwa, Weusi wanaoshiriki ni wachache mno.

Na sababu ya mwisho ni ile iliyokuwa yetu, yaani haya. Jamaa nyingi zilisema ni uzee tu, zikamfungia mzee chumbani, na mzigo wote ukamwangukia binti mmoja.

KANISA LILIVYOFUNGUA MLANGO

Basi ni nani awezaye kuwafikia watu wasioamini hospitali wala serikali? Wamarekani Weusi waligundua kwamba ni Kanisa. Tangu siku za utumwa kanisa lilikuwa shule yao, baraza lao na kimbilio lao.

Liko shirika liitwalo The Balm in Gilead, lililopata jina lake katika Yeremia 8:22, nabii anapouliza habari za dawa ya kuwaponya watu wake. Shirika hilo limewahimiza wachungaji Weusi kuitenga Jumapili ya pili ya mwezi wa Juni kuwa Jumapili ya Kumbukumbu. Siku hiyo ugonjwa huu hutajwa wazi mbele ya watu, wagonjwa na wanaowatunza huombewa, na waumini hufundishwa dalili zake. Tena mwaka 2019, katika jimbo la Georgia, muuguzi na mwalimu wa chuo kikuu Fayron Epps alianzisha mpango uitwao Alter, unaoyasaidia makanisa ya Weusi kuwapokea wagonjwa hawa.

Mambo ambayo kanisa laweza kufanya si ya gharama kubwa. Ibada fupi, yenye nyimbo za zamani ambazo wazee walizikariri utotoni. Chumba cha pembeni kwa mgonjwa akianza kufadhaika. Wapokeaji mlangoni wanaojua kuzungumza naye polepole. Na zaidi ya yote, mahali ambapo binti mchovu aweza kusema, "Mama yangu ananisahau," wala asionekane ameleta aibu.

YATUPASA KUFANYA NINI?

Mwana wa Sira, ambaye Kanisa letu humsoma kwa mafundisho ya mwenendo mwema, aagiza kwamba mtoto amvumilie mzazi wake hata akili zitakapompungukia, wala asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu. Aliyeandika hayo, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, bila shaka alikuwa amewaona wazee kama mama yetu. Tulifuate agizo hilo kwa matendo haya.

1. Mpeleke mzee hospitali mapema. Ugonjwa wa Alzheimer hauna dawa ya kuuponya, ingawa zipo za kupunguza dalili kwa kiasi. Lakini si kila anayesahau ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kubwa, maambukizo, hata dawa nyingine anazomeza mzee, vyaweza kumvuruga akili, na mengi ya hayo hutibika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

2. Acha kumtahini. Sisi walimu tuna dhambi hii. "Mama, unanikumbuka? Mimi ni nani? Leo ni siku gani?" Kila swali ni mtihani, na kila mtihani ni aibu kwake. Afadhali useme, "Shikamoo mama, ni mimi mwanao, nimekuja kukutazama."

3. Usishindane naye. Akisema anakwenda kwao, usimwambie, "Kwenu ni hapa!" Mwulize habari za kwao, tembea naye kidogo, kisha rudini pamoja. Mlango uwe na komeo usiku, na jina lake pamoja na la mtaa lishonwe katika nguo yake, asije akapotea.

4. Msaidie anayemtunza. Kwa kawaida ni mkwe au binti mmoja, naye hana usingizi. Umoja wa Akina Mama waweza kupanga zamu, watu wawili kukaa na mgonjwa alasiri moja kila juma, ili mtunzaji apate kwenda sokoni au kulala.

5. Mwambie Padre. Mgonjwa asiyeweza kuja kanisani aletewe Sakramenti nyumbani, na jina lake lisomwe katika maombi ya Jumapili.

6. Tutunze miili yetu wenyewe tuliobaki. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa dunia lilieleza kwamba karibu nusu ya demensia yote yaweza kuzuiwa au kucheleweshwa, kama watu wangepata elimu, wakapima shinikizo la damu na kisukari, wakaacha sigara, wakatibiwa masikio na macho, na wasiachwe peke yao.

7. Tukatae maneno ya uchawi. Bibi vikongwe wamepoteza maisha katika nchi yetu kwa maneno kama hayo. Mkristo akisikia mzee anaitwa mchawi kwa sababu ya kusahau, asinyamaze.

Tumalizie kwa mama yetu. Katika miezi yake ya mwisho hakujua tena jina letu. Alituita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Lakini jioni moja tulipoimba wimbo wa Ushirika, naye akaupokea, akaimba beti zote bila kukosea neno, na mwisho akafungua viganja vyake viwili kama apokeavyo mtu mbele ya altare. Tukabaki kumtazama tu. Hatukuwa na cha kumpa, kwa sababu hatukumwita Padre.

Katika Isaya 49 Mungu asema kwamba hata mama aweza kumsahau mtoto wake, lakini yeye hatatusahau, na ametuchora viganjani mwake. Mama yetu alitusahau, nasi twajua haikuwa kosa lake. Mungu hakumsahau. Sisi ndio tuliokuwa na akili timamu, na sisi ndio tuliomwacha. Msomaji mwenye mzazi kama huyo, wewe bado una nafasi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Ni wazee gani wa mtaa wetu ambao hatujawaona kanisani mwaka huu? Nani atakwenda kuwatazama?
2. Soma Yohana 21:18. Je, sisi wenyewe tungependa kutunzwa namna gani siku tutakapofungwa mshipi na mtu mwingine?
3. Wamarekani Weusi walipata sababu za kutowaamini madaktari. Sisi tunachelewa kwenda hospitali kwa sababu gani?
4. Tarehe 21 Septemba ni siku ya ugonjwa wa Alzheimer duniani. Mtaa wetu waweza kufanya nini Jumapili iliyo karibu na siku hiyo?

SALA

Ee Mungu, usiyemsahau hata mmoja wa watoto wako, uwaangalie kwa huruma wazee waliopotewa na kumbukumbu. Uwape amani wanapofadhaika, uwatie nguvu wanaowatunza usiku na mchana, utusamehe sisi tuliowaonea haya, na utufundishe kuwaheshimu mpaka mwisho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi, mwalimu wenu mstaafu.